Mitini Wangu Si Dada Yako

Simalchaur, Palpa
Mwezi wa Asoj

Kaka yangu Dambar,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na vijana. Goti linaendeleaje? Wifi aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unapanda ngazi kwa kushika ukuta na kwamba daktari amekukataza chumvi. Msikilize daktari, hata kama ni mdogo kwako kwa umri. Sisi huku hatujambo. Mvua zimekatika, ulezi umesimama vizuri, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mitini wangu naye yuko salama, isipokuwa mgongo unamsumbua kwa kushinda kwenye mtambo wa kufumia. Anakusalimu. Najua hukumuulizia, lakini anakusalimu.

Ningeweza kukupigia simu. Ila kwenye simu wewe huongea na mimi huitikia, imekuwa hivyo tangu ulipopewa ualimu mkuu. Kwenye barua utanisikiliza mpaka mwisho, au utaichana, lakini hutanikatiza.

Tulikusikia redioni. Kijiji kizima kilikusikia, maana Jhapat wa mgahawa wa chai alifungua redio mpaka ikawa inakoroma, akitangaza kwa kila apitaye kuwa mwalimu wetu anaongea kutoka Kathmandu. Mimi na mitini wangu tulikuwa tumepeleka maziwa. Jhapat akatuwekea viti mbele kabisa, kwa heshima yako.

Ulianza vizuri, nakupa haki yako. Sauti yako bado ni ile ya darasani. Yule binti wakili mliyekuwa mkijadiliana naye akasema mahakama imeshaamuru wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake waandikishwe ndoa kwa muda, huku Bunge likijivuta, na kwamba ofisi nyingi za kata zinajifanya hazijasikia. Wewe ukasema hayo ni mambo ya kuletwa kwa ndege, hayana shina hapa. Akakuuliza, tena kwa adabu, kama huko milimani ulikokulia hukuwahi kuona wanawake wawili wakiishi pamoja maisha yao yote. Hapo ndipo ulipotutoa sisi kama mfano.

Ulisema nyumbani kwenu kwenyewe, dada yako wa tumbo moja ana mitini wake. Ukawaeleza watoto wa mjini kwamba mitini ni rafiki wa kuapishwa mbele ya pandit, yaani kuhani, kwa tika ya rangi kwenye paji la uso na maua na kubadilishana pete, na kwamba tangu siku hiyo mama wa huyu ni mama wa yule na kaka wa huyu ni kaka wa yule. Ukasema wanaheshimiana mpaka hawaitani majina, na koo zao haziwezi kuoana tena, kwa kuwa wamekuwa damu. Ukasema wawili hao wamekaa chini ya paa moja miaka na miaka, safi kabisa, wala hawakuhitaji hakimu. Mila yetu, ukasema, ilishawapa wanawake wanaopendana mahali pao, na mahali hapo panawatosha. Watu waliokuwa studioni wakapiga makofi, niliwasikia.

Pale mgahawani nako hawakunyamaza. Jhapat alitaka kujua, wanawake wawili wakioana, nani atambebea nani mahari. Mama Dilsara, yule ambaye mumewe alikwenda Malaysia na kusahau njia ya kurudi, akamjibu kwamba yeye ameishi na mbuzi wake muda mrefu kuliko na mume, na hakuna karani aliyekuja kumuuliza kama ni halali. Wakacheka. Kisha wote wakatugeukia sisi wakatupongeza, eti leo tumetajwa nchi nzima. Mmoja akamwambia mitini wangu, wewe mama, mume huna, lakini kaka unaye. Nilikunywa chai yangu mpaka majani ya chini. Njiani mitini wangu alisema una sauti nzuri ya redio, ubaya ni hayo maneno tu.

Sasa nikueleze usilolijua. Siku ya pili yake, Jumapili, ofisi zinapoanza wiki, tulikuwa tunakwenda ofisi ya kata kuandikisha ndoa yetu.

Usiitupe barua, kaka. Kaa.

Tulikuwa tumelipanga tangu msimu wa baridi. Mimi sikulitaka sana, nakwambia kweli. Nilishazoea. Aliyelitaka ni yeye, na alilitaka kwa sababu ya shanga. Unakumbuka alivyoozwa Butwal, na yule mume akafa kabla hata hawajazoeana, na wakwe wakamvua shanga nyekundu za mke shingoni, wakamvunja bangili, wakamrudisha huku na sari nyeupe ya ujane, eti ameingia na nuksi. Alikuwa msichana bado. Kwao hawakumtaka, mama yetu akamfungulia mlango bila kuuliza swali. Tangu siku ile hajavaa chekundu. Anafuma vitambaa vyekundu vya harusi za watu wote wa Palpa, na yeye mwenyewe amevaa kijivu. Amri ile ya mahakama ilipotangazwa, alikwenda sokoni Tansen akarudi na shanga nyekundu amezifunga kwenye gazeti, akaziweka nyuma ya picha ya mama. Akasema anataka kuzivaa kabla hajafa, tena azivae mchana, barabarani, na atakayeuliza ni za nani aambiwe.

Na liko jingine, nitalisema kwa ufupi kwa kuwa linakuhusu. Nikifa mimi kwanza, nyumba hii ni ya wanao. Sisemi wana roho mbaya. Lakini mitini wa shangazi si mtu wa kisheria. Wakimwambia ahame, atahamia wapi?

Basi Jumapili tukapanda. Unazijua ngazi za ofisi ya kata. Katibu siku hizi ni Lekhnath, yule mtoto wa mfua shaba uliyekuwa ukimchapa kwa kuchelewa. Ni mtu mwema. Alituagizia chai. Nikamwambia tumekuja kuandikisha ndoa, akauliza ya nani, nikasema yangu. Akafurahi, masikini, akachukua kalamu, akauliza bwana anaitwa nani. Nikasema jina. Nikasema Yamkala Bohora.

Sijawahi kulitamka jina hilo mbele ya mtu tangu siku ya kiapo, nawe unajua kwa nini. Ndani nikishafunga mlango nalitamka. Nje sijawahi. Lekhnath alishtuka kwa jina kuliko alivyoshtuka kwa ndoa. Aliweka kalamu chini, akaniambia mama, mitini hatajwi.

Hakutufokea. Alisema amri ya mahakama anayo, ipo kwenye droo, na wangekuwa ni watu wengine angeandika, liwalo na liwe. Ila sisi hawezi. Alisema jana tu kata nzima imemsikia mwalimu wake akieleza nchi nzima kwamba sisi ni ndugu, damu moja, na hakuna sheria, iwe ya zamani au mpya, inayoozesha dada kwa dada. Watu watasema Lekhnath ameandikisha haramu. Nikamwambia hatukuzaliwa na mama mmoja. Akasema mbele ya pandit tulizaliwa. Kisha akaona macho ya Yamkala, akalegea, akasema kitu kimoja tu kinaweza kumpa nguvu ya kuandika: mkubwa wa nyumba aje mwenyewe, asimame pale, aseme kuwa Yamkala si ndugu wa nyumba ile. Mkubwa wa nyumba ni wewe.

Tulishuka zile ngazi. Shanga zilikuwa kwenye mkoba wa Yamkala. Alipofika nyumbani alizirudisha nyuma ya picha, akakaa kwenye mtambo, akafuma mpaka giza. Nilimchukia mtu siku ile, kaka, na mtu huyo ni wewe. Bado sijamaliza kumchukia.

Ndiyo maana nakuambia jambo ambalo mama alinikataza kulisema akiwa hai. Hayupo sasa, na wewe umeshasema yako mbele ya watu.

Unakumbuka mwaka ulipotoka chuo cha ualimu. Ulimwambia mama unamtaka Yamkala. Mama akakubali, au ulidhani amekubali. Alisema sikukuu ya Maghe Sankranti ipite kwanza, ndipo posa ipelekwe na mitungi ya mtindi. Ukangoja. Siku ya sikukuu ukaenda mtoni na wenzako kuoga, ukarudi jioni ukiimba, ukatukuta mimi na Yamkala tumekaa uani, tika kwenye vipaji vya nyuso, maua shingoni, pandit anakula viazi vikuu na samli. Uliuliza nani amefanya hivi. Nikasema mimi, tumeapishana umitini, tulitaka tu. Ulinipiga kofi. Ukasema hata wiki moja sikuweza kusubiri, kwa upuuzi wa kisichana nimemgeuza mkeo kuwa dada yako. Umenichukulia hivyo mpaka leo, mdogo mpumbavu aliyekuharibia bila kujua.

Si mimi niliyepanga. Ni mama. Mama alikuwa ametukuta kwenye dari la nyasi wakati wa mavuno. Hakupiga kelele. Alishuka ngazi, akaendelea kupepeta, na msimu wote hakusema neno. Ulipomjia na habari ya posa ndipo aliponiita jikoni. Alisema Dambar akimwoa huyu, yeye mama atakuwa na watoto wawili wanaolia chini ya paa moja, na msichana wa watu awe wa tatu. Afadhali alie mmoja, na huyo ni mwanamume, atatafutiwa mwingine. Akasema hawezi kunipa Yamkala, hakuna mtu duniani anayeweza, lakini anaweza kuhakikisha kwamba mwanawe hampati, na kwamba siku yoyote ya maisha yetu tukionekana pamoja hakuna atakayeuliza. Akamwita pandit asubuhi ile ulipoondoka. Akaniambia ukiuliza, nijitwike mimi. Nikajitwika.

Kwa hiyo mila ile uliyoisifia redioni, aliyeifunga ni mama, na aliifunga dhidi yako. Aliijua kuliko unavyoijua wewe. Ulitafutiwa mwingine, na wifi ni mtu mwema kuliko unavyostahili. Yamkala naye akaozwa Butwal, mama hakuweza kulizuia hilo. Alipomfungulia mlango aliporudi, alimwambia karibu nyumbani, mwanangu, na nilimwona analia. Mama alitufungia mlango kwa komeo pekee alilokuwa nalo. Leo komeo hilo limenifungia mimi nje, na mkono ulioligeuza ni wako.

Najua unavyosoma sasa. Unasema Tulasa anasingizia wafu. Basi nikuulize la sikukuu ya Tihar. Kila mwaka siku ya kuwapaka kaka tika, unakaa mkekani, nakupaka mimi, na Yamkala anasimama nyuma yangu na sahani yake, maana mitini wangu ni dada yako na ni haki yake. Na kila mwaka, nikimaliza tu, una simu ya kupiga. Una basi la kuwahi. Mwaka mmoja ulisema umesikia ng'ombe amekata kamba. Hujawahi kumpa kipaji chako hata mara moja. Hujawahi kumwita dada. Unamwita huyo mitini wako. Mbele ya nchi nzima umesema ni damu yako, na nyumbani hujaweza kukaa akupake rangi.

Sikulaumu kwa hilo. Pengine ndilo jambo la kweli pekee ulilofanya katika habari yote hii.

Tihar inakaribia. Njoo. Nitatandika mkeka pale pale. Mwaka huu nitakaa pembeni, Yamkala atatangulia. Ukiweza kukaa, akuzungushie maji na mafuta, akupake rangi zote saba, akuvishe taji la maua, nawe umtazame usoni umwite dada na umpe zawadi ya dada, basi uliyosema redioni ni kweli, nitanyamaza, sitapanda tena kata, na shanga zitarudi dukani. Yamkala amekubali sharti hilo. Alicheka alipolisikia, akasema rangi anaweza kuchanganya hata kesho. Lakini ukishindwa, na ukahisi unataka kuinuka, inuka, twende sote kwa Lekhnath ukamwambie kwa sauti ile ile ya redioni kwamba Yamkala si dada yako, na hajawahi kuwa.

Nisalimie sana wifi, mwambie achari ya figili aliyoniomba iko tayari. Wabusu vijana, waambie shangazi yao hajakasirikia mtu ila baba yao. Mungu akupe nguvu ya safari. Yamkala anasema uje na fimbo kwa ajili ya goti, maana ngazi za kata ni za mawe na zinateleza.

Mimi mdogo wako,
Tulasa