Shemeji Aliyelazwa Kibla

Jumatatu, 1 Oktoba 1951
Darasa la huduma ya kwanza tena, Korogwe. Baiskeli imepata pancha njiani. Somo la leo: mtu aliyezimia. Alazwe ubavu, kidevu kiinuliwe, damu na matapishi yapate njia, asipewe maji. Mimi nimefanywa mgonjwa mara tatu kwa sababu ya miguu yangu mirefu. Meneja wa shamba alinichagua kwa kuwa najua kusoma, basi. Kazi yangu ni kupima katani hapa Ngombezi. Mambo ya wagonjwa yananihusu nini?

Jumatano, 3 Oktoba
Chakula cha jioni kwa dada yangu Zaituni. Nimewaeleza somo lote. Mumewe Mhina, msukuma matoroli ya mkonge, kanitania: eti nitahitimu uganga wa kuku. Nimemjibu siku akianguka nitamruka nipite. Tumecheka sana. Zaituni alikuwa anapakua, nikadhani hasikilizi.

Jumamosi, 6 Oktoba
Niandike kabla sijasahau.

Saa nne toroli limetoka relini karibu na kiwanda. Mhina kaanguka, kisogo kwenye chuma. Nimefika mbio. Haitiki. Mdomo umejaa damu, anakoroma vibaya. Lakini anapumua! Nikamgeuza ubavu wa kulia kama darasani. Damu ikatoka, mkoromo ukapungua. Nikapiga kelele peke yangu: imekubali!

Furaha ya dakika moja. Ubavu wa kulia, na uso nimeuelekeza kaskazini. Kibla. Maiti ndiye hulazwa hivyo. Na mimi Mwislamu, akili yangu ilikuwa wapi?

Zaituni kaja mbio kutoka kambini, kaona, kapiga yowe. "Uwii! Mume wangu kafa! Kaka keshamlaza kibla!" Wanawake wa kambi nzima wakapokea. Mashine ikazimwa. Wanaume wanne wakabeba majembe kwenda makaburini. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Mwalimu wa madrasa, mzee tunayemheshimu wote, kachana kipande cha kanga amfunge kidevu, kama anavyofungwa marehemu. Mdomo ukifungwa, damu inarudi kooni, na hapo Mhina anakufa kweli. Nikaudaka mkono wa mzee. Sijawahi kufanya hivyo maishani. "Shikamoo mwalimu, niwie radhi, huyu mzima!" Shikamoo katikati ya vurugu! Mzee kanitazama kama kichaa, na kanga hakuiachia.

Nikaona maneno hayasaidii. Nikamgeuza Mhina taratibu ubavu wa kushoto. Uso kusini, kisogo kibla. Maiti halazwi hivyo popote duniani.

Yowe likakatika. Ndipo wote wakamsikia anakoroma. Nikashika kiganja cha Zaituni nikakiweka puani mwa mumewe. Akakiacha pale pale, machozi yanamtiririka. Bibi mmoja kaja na kata ya maji, Zaituni kamfokea: "Bibi, hapewi maji huyu!" Mimi nilikuwa sijataja maji hata kidogo. Kumbe Jumatano alisikia yote.

Mwalimu kaitupa kanga. Loli la shamba likatupeleka hospitali Korogwe, nami nimeshika kidevu cha shemeji njia nzima. Bado hajafumbua macho. Naogopa.

Jumapili, 7 Oktoba
Kafumbua macho! Asubuhi, saa moja. Kamwita Zaituni, kisha kaulizia toroli. Nimerukaruka barazani mpaka muuguzi kanifukuza. Mimi! Ni mimi niliyefanya! Naona aibu kuandika jinsi ninavyojiona mkubwa, lakini naandika.

Jumatano, 17 Oktoba
Mhina karudi nyumbani, kichwa kina bandeji. Kaburi walilomchimbia siku ile lilikuwa bado wazi. Kwetu kaburi lililochimbwa haliachwi tupu, husemwa litamwita mtu. Kwa hiyo leo alasiri wamekata mgomba wa kuzika humo badala yake. Tulimsihi abaki ndani, kakataa. Kaja polepole, kashika bega langu.

Mwalimu kasoma dua fupi. Mgomba ukalazwa ubavu wa kulia, kibla sawasawa. Mhina kautazama kwa muda mrefu. Leo hakutania. Kainama, katupia udongo kwa kiganja mara tatu.

Halafu kasema ana njaa. Tumerudi nyumbani kula.