Mafuta ya Breki ya Gari la Mdogo Wako

4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Kifua kimeachia? Mara ya mwisho ulikuwa unakohoa, na huko uliko baridi haina huruma, vaa sweta hata kama wenzako wanakucheka. Mimi sijambo. Goti ndilo linalonisumbua, nimelizoea kama mpangaji asiyehama.

Simu hupokei. Huu mwezi wa saba tangu tumzike mdogo wako, umepokea mara mbili, na mara zote mbili ulisema uko kazini. Sikulaumu. Nimeona nikuandikie kwa huu mwandiko wangu wa darasa la tatu, maana barua huwezi kuikata katikati.

Shida yangu ni gari. Mrefu, yule rafiki wa mdogo wako aliyekuwa anashindana pamoja naye, amelinyoosha bodi mpaka huwezi kujua liligonga ukuta. Sasa anataka kuliingiza mashindano ya mlimani tarehe ishirini Aprili. Mlima ule ule. Nikamuuliza, "Wewe una mama?" Akasema, "Ninaye, na wewe ni wa pili." Nikamwambia basi huyo wa pili anasema gari halitoki hapa uani mpaka breki zibadilishwe mafuta, na atakayesema mafuta gani ni mwanangu aliye fundi wa magari ya mbio, siyo wewe na urefu wako.

Mkaguzi wa ajali alisema mafuta ya breki yalichemka kwenye mteremko, kabla ya kona ya pili, pedali ikazama bila kushika. Nikaitikia kwa kichwa kama nimeelewa. Mafuta yanachemkaje na hayako jikoni? Niandikie, na uandike kama unamwandikia mtu asiyejua kitu, maana sijui kitu.

Nyumbani hakuna jipya. Napika, nafua, nalala. Watu wanasifu kwamba nimejikaza. Sijajikaza, mwanangu. Niko kama mkono ulioulalia, unauona ni wako lakini hausikii.

Ni mimi mama yako

—

27 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kimepona. Pole na goti, jaribu kulikanda na maji ya moto. Nimekawia kukuandikia, nisamehe.

Mafuta yanachemka hivi. Ukikanyaga breki, mguu wako unasukuma mafuta yaliyo kwenye mabomba membamba, na mafuta hayo ndiyo yanayobana magurudumu. Gari la mbio likishuka mlima, diski zinapata moto mpaka zinakuwa nyekundu. Joto likizidi, mafuta yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea kama mto wa kulalia. Mguu unakwenda mpaka sakafuni, gurudumu halina habari.

Kwenye chupa kuna herufi DOT, kisha namba. Namba tatu ni ya gari la kwenda sokoni na kurudi. Nunua namba nne, ile iliyoandikwa kuwa ni ya mbio, inastahimili joto zaidi. Ukiambiwa namba tano ni bora kwa sababu ni kubwa, kataa, hiyo ni ya aina nyingine kabisa na haichanganyiki na mafuta yaliyomo. Na chupa iwe mpya, kifuniko hakijaguswa.

Mrefu anajua kutoa upepo kwenye breki, lakini mwambie hivi: aanze na gurudumu la nyuma lililo mbali zaidi na pedali, amalizie na la mbele lililo karibu. Mmoja akanyage, mwingine afungue nati. Aliyekanyaga asiinue mguu kabla nati haijafungwa, la sivyo hewa inaingia. Kikopo cha mafuta kule mbele kisikauke hata mara moja. Waendelee mpaka yatoke safi bila povu. Yakidondoka kwenye rangi wayaoshe kwa maji haraka, yanababua.

Mama, mafuta yaliyochemka ni yale niliyotuma mimi. Niliyachagua mimi, nikampa mgeni ayabebe, nikampigia mdogo wangu kumwambia sasa una mafuta ya mabingwa. Ndiyo maana sipokei simu. Sijui niseme nini nikisikia sauti yako.

Mwanao

—

19 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu zikufikie ukiwa na afya na umekula. Unakula? Mimi mzima, goti limekandwa, limepungua hasira.

Kazi imefanyika. Chupa mbili, namba nne, ya mbio, mpya. Yule mama anayeuza spea alitaka kunipa tano, nikamwambia hiyo ni ya aina nyingine na haichanganyiki. Alinitazama kama nimeshuka na digrii.

Mkanyaga pedali nilikuwa mimi. Mrefu alimtafuta mwenzake akamkosa, nikasema nina miguu miwili na mmoja ni mzima. Nikaingia kwenye kile kiti cha mdogo wako, kile kinachokukumbatia mbavu, nikazama kama niko ndani ya beseni. Mrefu chini, mimi juu.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shikilia hapo hapo!"

"Nashikilia, wewe fungua, usinipigie kelele!"

"Usiachie, Mama! Bado! Sasa achia."

Gurudumu la nne nikaachia mapema, tukarudia. Akasema, "Ungekuwa fundi wangu ningekufukuza." Nikasema ungekuwa mwanangu ningekuchapa. Tulicheka. Nilidhani nikikaa pale nitalia. Nilichosikia ni kwamba pedali ni ngumu, basi.

Sasa hili lako. Usiseme tena kwamba chupa yako ndiyo iliyoharibu. Mimi niliitunza mwenyewe. Mdogo wako alitumia nusu yake mwezi wa kwanza mwaka jana, nusu akaniachia nimwekee. Kifuniko kilikuwa na ufa, mafuta yanachuruzika, yanakula rangi ya kabati. Nikayahamishia kwenye ile chupa ya jamu ya mdomo mpana, nimeiosha na kuikausha juani. Kifuniko chake sikukiona, nikafunika kitambaa cheupe nilichokichemsha, nikafunga kwa mpira. Nikaweka juu kabatini jikoni, mbali na vumbi. Miezi sita hakuna aliyeyagusa. Asubuhi ya mashindano alikuja akaomba, nikampa, akayabadilisha pale uani. Hata mdudu hakuwemo. Kwa hiyo mafuta yalikuwa salama, mwanangu, ni ajali tu. Pokea simu.

Yamebaki kama robo ya chupa. Nimwambie Mrefu ayaongezee kwenye kikopo, au niyahifadhi? Kumwaga kitu kizuri sipendi, unanijua.

Ni mimi mama yako

—

11 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini goti linaendelea vizuri.

Yale ya kwenye chupa ya jamu msiyatumie. Usiyamwage kwenye mtaro wala kwenye maua, mpe Mrefu ayatie kwenye pipa la oili chafu. Ni ya zamani, yamechoka.

Kuna jambo sikukwambia. Hapa kazini tuligundua kwamba mafuta ya fungu lile nililotuma yalikuwa na kasoro tangu yalikotengenezwa. Chupa zote tulizokuwa nazo zilirudishwa. Kwa hiyo hata yangekaa wapi, hata yangefunikwa na nini, yangechemka tu. Wewe hukukosea kitu. Umesikia, Mama? Hukukosea kitu.

Mpe Mrefu salamu. Mwambie akanyage mapema kabla ya kona ya pili.

Mwanao

—

3 Mei

Mwanangu mpenzi,

Hali yako? Mimi nipo. Nimekula mchana wa leo, nakuambia kabla hujauliza.

Barua yako imefika tarehe ishirini na tisa. Ilinikuta nimeshajua.

Nilingoja jibu lako la ile robo iliyobaki, siku zinakwenda, mashindano yamefika. Tarehe kumi na nane nikaibeba chupa kwenye mfuko nikaenda kwa yule mama wa spea. Akaiinua kwenye mwanga.

"Hii nini, asali?"

"Mafuta ya breki. Ya mbio."

"Yamekaa humu tangu lini?"

Nikamwambia.

"Na hiki kitambaa ndicho kifuniko? Mama yangu, haya mafuta yanakunywa maji. Yanakunywa kutoka hewani, hivi hivi unavyoyaona. Hasa hapo jikoni kwako kwenye mvuke wa masufuria."

"Yanakunywa bila mdomo?"

"Bila mdomo. Yakishakunywa, yanachemka upesi. Kwenye gari la mbio hayafiki mbali. Kuna mtu ameyatumia?"

Nikasema hakuna. Nikasema nilikuwa nauliza tu. Akaniwekea kiti, sijui aliona nini usoni. Nikakaa. Wateja wakaingia, wakanunua plagi, wakanunua balbu, wakatoka. Mimi nikawa nasoma maandishi kwenye maboksi. Nimesoma rafu nzima, mwanangu, na mimi kusoma kwangu ni kwa kuvuta.

Tarehe ishirini nilikwenda mlimani. Mrefu hajui lolote, sikumwambia. Nilisimama kwenye mteremko, nikahesabu koni za njano, zilikuwa kumi na tisa. Akapita. Taa za nyuma zikawaka kabla ya kona ya pili, gari likatulia, likakata, likaenda. Akawa wa nne. Aliposhuka aliniambia pedali ilikuwa ngumu kama jiwe mpaka mwisho. Nikasema vizuri.

Barua yako nimeisoma mara nne. Ni uongo mzuri. Nimezaa watoto wenye huruma. Nikakaa mezani kukujibu kwamba nashukuru, kumbe ni kasoro ya watengenezaji, basi yameisha. Nikajaza ukurasa mzima, na ulikuwa unasomeka vizuri kabisa. Kisha nikafikiri, huyu nikimkubalia, ataulinda uongo huu miaka yote. Kila tukizungumza atakuwa anachungulia kama nimejua. Na mimi nitakuwa nachungulia kama anajua kwamba nimejua. Tumebaki wawili tu. Hatuwezi kuishi tunachunguliana. Nimeuchana ukurasa ule.

Kwa hiyo tuseme ilivyokuwa. Uliyotuma yalikuwa mazima, ile nusu ya kwanza aliitumia bila shida. Mdogo wako aliyatia kwenye gari kwa sababu yalitoka kwangu, na kitu kilichotoka kwangu hakuwahi kukikagua tangu anyonye. Mimi nilikosea. Sikujua, lakini nilikosea. Usiniandikie kuniambia sikukosea.

Badala yake niulize. Mimi ndiye wa mwisho kuzungumza naye akiwa na nafasi ya kuzungumza, na mpaka leo hakuna aliyeniuliza kitu. Watu wananipa pole wanaondoka.

Nitaanza mimi. Alivaa ile fulana ya bluu iliyotoboka kwapani. Nilimwambia avue niishone, akasema leo nani ataniangalia kwapa. Alikunywa chai amesimama. Alipoomba mafuta, nilipanda kwenye stuli kuyachukua, naye akaishika stuli isiyumbe. Nikampa kwa mikono miwili. Akafungua kitambaa, akanusa, akacheka, akasema, "Mama, hata haya umeyatunza?"

Nikasema ndiyo.

Ni mimi mama yako