Mama, Uliyekuwa Ukirudi na Ndala Moja

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu tuache kukusikia ukija. Maana wewe tulikusikia kabla ya kukuona: mguu wa kulia unapiga chini kwa ngozi, wa kushoto unaburura mpira. Ndala ya kulia alikushonea Baba kwa mkono wake. Ya kushoto ilikuwa kandambili ya mpishi wa kazini kwenu, pana, ingetosha miguu yako yote miwili. Majirani walikaa vibarazani wakikungoja. "Mke wa fundi viatu huyo, jamani, tazameni anavyotembea!" Nawe uliwajibu bila kugeuza shingo, "Mganga hajigangi!" ukaingia ndani unacheka.

Baba alikuwa akijifanya kanuna. "Mke wangu, unaniharibia biashara." Kisha anakuwekea maji ya kuosha miguu, na hakuuliza ndala ya pili iko wapi. Alijua iko kwa Kobe, mtoto wa kazini kwenu.

Ulikuwa mlezi katika ile nyumba ya watoto yenye geti la kijani, Mama, na watu wengi hawakuielewa kazi yako. Walidhani ni watoto yatima, au watukutu. Wengi wao wazazi walikuwapo. Ni watoto waliopigwa danadana tangu wakiwa wachanga, leo kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka wakaapa moyoni kwamba hawatamzoea mtu tena. Mgeni akikuuliza wanaumwa nini, mbona wazima, ulisema, "Hawa wamefundishwa kuachwa. Sisi tunawafundisha kurudiwa." Halafu unambadilishia mazungumzo, kwa sababu hukupenda watoto wazungumzwe kama habari za sokoni.

Ulituhadithia nyumba ile hata tukaijua kama yetu. Meza moja ndefu ya kulia, na kila mtoto na kiti chake ambacho hata mkurugenzi hakalii. Ukutani picha za walezi watakaokuwapo juma hilo, ili mtoto akiamka ajue atamwona nani. Aliyemlaza ndiye aliyejitahidi kumwamsha. Na mlezi haruhusiwi kuondoka na ugomvi: mkikosana na mtoto mchana, mtapatana kabla hujavua aproni, hata kama basi litakuacha. Basi lilikuacha mara nyingi, Mama.

Na mlikuwa na rehani. Hiyo mliibuni wenyewe, wewe na mshauri wa watoto, yule kijana mtaratibu mwenye miwani, katika kikao chenu cha asubuhi. Mlezi akimaliza zamu, mtoto anachagua kitu kimoja cha mlezi huyo, amshikie mpaka atakaporudi. Wengine walichukua kitambaa cha kichwa, wengine kalamu, kuna mmoja alikuwa hataki ila kasha la miwani. Asubuhi mlezi anadai chake mbele ya watu wote: "Nipeni mali yangu, nimerudi!" Ulisema hapo ndipo penye dawa yenyewe.

Kobe aliletwa akiwa na begi la shule mgongoni, na hakulivua. Alilala nalo, alikula nalo, aliingia nalo darasani, akicheza linamdunda mgongoni. Familia kadhaa zilikuwa zimempokea na kumrudisha, na mara zote walimfungashia vitu yeye akiwa hana habari. Safari hii alitaka akurupushwe akiwa tayari. Mpishi ndiye aliyemwita Kobe. Wewe ulimjia juu mpishi wa watu, lakini mtoto mwenyewe alikuwa amesikia, akawa anakutazama aone utasema nini. Ukamwambia, "Kobe ndiye pekee humu mwenye nyumba yake. Sisi wote tunapanga." Jina likampendeza, akakataa kuitwa lingine.

Alikupima, Mama. Aliimwaga chai yako mezani makusudi, huku kakukodolea macho. Ulileta vitambaa viwili. "Wewe futa kutoka huko, mimi kutoka huku. Tutakutana katikati." Alisimama kama hakusikia. Baadaye sana akafuta kipande chake, kidogo, cha kona. Ulirudi nyumbani ukatuonyesha kwa kidole kwenye meza yetu ukubwa wa kile kipande, na hukutaka tucheke.

Siku alipokubali kuchukua rehani, hakutaka kitambaa wala kalamu.

"Nataka kiatu."

"Kimoja au vyote?"

"Kimoja. Mtu mwenye kiatu kimoja hafiki mbali."

Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Kisha ukavua ndala ya kushoto, ukamkabidhi kwa mikono miwili kama unampa mtu hati ya nyumba, ukaondoka na kandambili ya mpishi. Asubuhi ukamkuta kaketi ngazini, ndala iko mapajani. Ukasema, "Nipe mali yangu, nimerudi." Akakupa, akaenda zake kupiga mswaki. Ikawa hivyo kila zamu.

Tunakumbuka jioni uliyokataa chakula kwa furaha. "Leo ameketi mgongo wazi!" Kobe alikuwa amelitundika begi nyuma ya kiti chake, akala, kisha akalivaa tena. Mpishi alitaka kupiga kelele, ukamkata jicho: "Wewe pakua, usitutie mkosi." Baba akauliza basi ni sherehe gani hiyo, mtoto kuvua begi. Ukamwambia, "Ungejua kuna nini mle, usingeuliza." Ndani ya begi zilikuwamo nguo zake zote.

Ijumaa ile ulimwachia ndala kama kawaida. Ulimwambia Jumatatu utakuja kuichukua. Jumapili ulikuwa umeketi ukumbini unamenya chungwa na kumtania wifi yako, Shangazi yetu, kwamba amenenepa kwa kula vya kaka yake. Moyo wako ukasimama hapo hapo. Shangazi alidhani unaendeleza mzaha, akakusukuma bega.

Kule kazini mshauri aliwaambia watoto ukweli siku ile ile. Kwamba umefariki. Kwamba hukuwachoka, hukukasirika, mwili wako umekufa na hutarudi. Wengine walilia. Kobe alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hawezi kwenda. Kiatu chake ninacho mimi."

Na hapa, Mama, ndipo tulipoharibu, nasi kwa nia njema kabisa. Baada ya mazishi Shangazi alikwenda kukusanya vitu vyako: aproni, kikombe, mwavuli. Watoto walikuwa darasani. Akipita chumba cha kulala akaona ukanda wa ngozi umechomoza chini ya mto. Aliijua kazi ya kaka yake. "Masikini wifi yangu," akasema, "kiatu chako kimetupwa kitandani kwa mtoto!" Akaifuta kwa upindo wa gauni, akaitia kikapuni, akaileta nyumbani na kuipanga pamoja na mwenzake chini ya kitanda. Sote tulimshukuru; katika msiba ule hakuna aliyekumbuka rehani. Baba alizitazama zimekaa pamoja, akasema angalau hilo limetimia.

Kobe alitoka darasani, akapapasa chini ya mto. Akang'oa shuka. Akatazama chini ya kitanda, kisha chini ya vitanda vya wenzake. Halafu akatulia, maana jambo lenyewe alilijua, lilikwisha kumpata. Moyoni akasema: Amekuja. Amechukua chake. Amepita nje ya darasa na hakunichungulia.

Akalivaa begi. Alikula amesimama karibu na mlango. Mlezi mpya alipomwachia kitambaa chake, Kobe alikiacha kikaanguka sakafuni. "Chukua chako, nenda zako," akasema. Hakulia, hakupigana, hakumwaga chai ya mtu, na hilo ndilo lililowatisha waliomjua. Mshauri aliketi naye sakafuni mchana baada ya mchana, wakipanga vibao vya mbao, hakumhimiza. Mwishowe mtoto akasema bila kuinua uso, "Alikuja nikiwa darasani."

Mshauri akapiga simu. Baba alisikiliza, akaweka simu chini, akaenda chumbani akarudi na ndala. "Dada, hii uliitoa wapi?"

Shangazi alipoambiwa alishika kichwa. "Mungu wangu, nimemwibia mtoto!" Hakubadili hata nguo ya jikoni. Walikwenda wote wawili.

Unamjua wifi yako, Mama, mtu wa kelele na maneno mengi. Siku hiyo alipiga magoti kwenye saruji mbele ya Kobe akasema kwa sauti ya chini, "Nimekosa, mwanangu. Ni mimi niliyechukua. Sikujua. Yeye hakuja."

"Hakuja?"

"Hakuja."

Kobe akamtazama Baba, kama anatafuta shahidi wa pili. Baba akamwuliza taratibu, "Wewe ulimfahamu. Angekuja hapa, angepita bila kukuona?"

Mtoto alifikiri sana. "Asingepita," akasema. Akarudia, "Asingepita," akaanza kulia. Mshauri alituambia baadaye kwamba tangu afike pale hakuna aliyewahi kuona chozi lake. Alikulilia wewe, Mama. Kwa mara ya kwanza alimlilia mtu aliyekufa, si mtu aliyemkimbia, na alijua tofauti. Shangazi alimkumbatia pamoja na begi lake.

Baba alimrudishia ndala ya kushoto. Akamwambia hiyo si rehani tena, ni yake.

"Na wewe?" Kobe akauliza, anajifuta pua.

"Mimi nitabaki na ya kulia."

"Basi na wewe hufiki mbali."

"Sifiki," Baba akasema. "Utanikuta pale pale."

Tangu siku hiyo analetwa Jumapili na mlezi wake mpya, mama mpole ambaye naye sasa anakwenda nyumbani na kandambili nyingine ya mpishi, maana Kobe humshikia kiatu. Kobe huketi kwenye kigoda chako karakanani, anampa Baba misumari midogo mmoja mmoja, na ana maoni kuhusu kila kiatu. Kuna mteja aliambiwa usoni kwamba soli yake inaonyesha anaburura miguu kwa uvivu. Tungekuwa na wewe ungekufa kwa kicheko. Samahani, Mama, maneno yanatoka yenyewe.

Begi alilivua siku nyingi zilizopita, likawa linatundikwa msumarini juu ya meza ya kazi mpaka wakati wa kuondoka. Jumapili iliyopita tulikuwa tunapanga kumbukumbu hii. Alituaga, akatoka mlangoni na mlezi wake, mgongo wazi. Baba akamwita, "Kobe! Umesahau begi."

Alirudi hatua chache tu, akashika mlango. "Sijasahau," akasema. "Nimeliacha. Nitakuja kulichukua."

Baba akageukia meza ya kazi. Aliinamia kiatu cha mtu akajifanya anatafuta sindano. Shangazi ndiye aliyejibu kwa niaba ya ukoo mzima: "Nenda, mwanangu. Na atakayeligusa begi hili tutagombana!" Kobe akamwambia, "Wewe hasa, Shangazi," akakimbia kumfuata mlezi wake.

Begi liko msumarini tunapoandika haya. Hatujalifungua. Kwa wepesi wake tunajua halina nguo.

Unakumbukwa na mumeo, fundi viatu, anayeitunza ndala ya kulia. Na wanao, wakwe zako na wajukuu zako. Na wifi yako, anayepita mbali na msumari. Na mpishi, anayekudai kandambili. Na walezi wenzako wa geti la kijani. Na Kobe, mwenye nyumba yake.

Daima, na kila tunapoagana mlangoni, tutakukumbuka.