Nyasi Mbichi kwa Mnunuzi

Mjukuu wangu Koku,

Huku Muleba hatujambo. Babu yako ameanza tena kuchuma kahawa, ingawa goti bado linamsumbua. Umeniuliza kwa nini kila Krismasi natandaza nyasi juu ya sakafu ya saruji.

Mwaka mmoja baada ya Uhuru, Tata, baba yangu, aliamua kuuza nyumba yetu ndogo ya Kaagya, tuhamie mjini Bilele. Siku ya mnunuzi kuja kuitazama, Mama alinituma nikakate nyasi mbichi za kutandaza sakafuni, kama tulivyofanya kila alipokuja mgeni au ilipofika sikukuu. Nilikataa. Nilitaka yule mtu akute nyasi kuukuu, aione nyumba mbaya, aende zake.

Mama hakunigombeza. Alichukua mundu, akakata mwenyewe, akatandaza taratibu kutoka mlangoni hadi jikoni, kama siku ya harusi.

"Unampambia mnunuzi?" nilimuuliza kwa hasira.

"Simpambii yeye," alisema. "Nyumba hii imetulea. Haifai tuiage ikiwa chafu."

Mnunuzi alivua viatu, akaketi, akaipenda.

Sasa harufu ya nyasi ikijaa sebuleni, huwa natazama mlangoni kama ninayesubiri Mama aingie. Nyasi zile nilipaswa kuzikata mimi, Koku. Ndizo ninazokata mpaka leo.

Bibi yako