Baba, Mutueli Imeyakubali Meno Yako

Baba yangu uliyelala,

Tangu tukuzike sijakuandikia, lakini jambo hili linakuhusu wewe mwenyewe, maana meno ni yako.

Unayakumbuka: ya kimanjano, laini kama chaki, yanamomonyoka mtu akiuma muhogo tu. Uliyapata kwa mama yako, ukanipa mimi, nami nikampa Mwadi, mjukuu wako, bila kumwuliza. Kwenye kwaya ya kanisa uliimba besi huku umebana midomo. Nilipokuuliza kwa nini, ulijibu: "Besi inatokaka mu tumbo." Nikakuamini miaka mingi.

Mwaka huu Mwadi ametimiza miaka tisa. Akaanza kulia kila akinywa maji baridi, akaacha kula vizuri, mwishowe akaacha hata kuongea. Daktari wa meno akasema ni ugonjwa wa ukoo, meno yote yafunikwe kwa vifuniko vigumu. Nikapeleka karatasi kwa mutueli, ile bima ya afya ya sisi walimu.

"Mama, hii iko mambo ya urembo," karani akasema. "Kama iko ya ukoo, leta ushahidi."

Ushahidi! Nikapekua picha zako zote: ya harusi, ya ubatizo wangu, ya kustaafu. Baba, hakuna hata moja ambayo umefungua mdomo! Karani alizitazama, akasema unaonekana mtu mkali sana.

Basi nikamleta dada yako, shangazi Numbi. Unamjua. Hakusalimia mtu. Aliinamia meza ya karani, akaachama.

"Miye njo dada ya baba yake. Angalia! Hesabu!"

"Mama, inatosha, nimeona."

"Bado ya nyuma!"

Watu wa kwenye foleni nao wakasogea kuangalia. Karani akamwita daktari wa mutueli, naye akachungulia kwa tochi ya simu: shangazi, mimi, Mwadi, tumepanga mstari vinywa wazi. Akaandika: ya kurithi, ilipiwe. Hapo ndipo shangazi akafunga mdomo, akasema bonjour.

Nilitoka nikicheka, kisha nikalia pale barabarani. Nilielewa kwamba uliumwa miaka yote ile na hukutuambia.

Sasa meno ya Mwadi yamefunikwa yote. Anatafuna mahindi ya kuchoma, anacheka kwa sauti. Mwalimu wake analalamika kwamba anapiga domo darasani kutwa nzima. Mwalimu wake ni mimi, baba, na sina moyo wa kumnyamazisha.

Pumzika, na huko uliko ucheke mdomo wazi.

Binti yako, mwenye meno yako