Nimemwachisha Mungu Kazi Karakanani, Sasa Mume Naye Anaondoka

Mpendwa mshauri, mume wangu alipoteza macho mwezi wa tatu mwaka huu, yote mawili, kwa presha ya macho iliyoanza kumla uoni wa pembeni akawa anagonga mabega milangoni, tukamcheka, tukasema uzee, mpaka asubuhi moja akaniuliza mbona sijafungua madirisha na madirisha yalikuwa wazi. Tangu siku hiyo nina swali moja na kila ninayemuuliza ananipa pole badala ya jibu. Naomba msaada wako, lakini pole nimeshazipata za kutosha.

Mimi ni fundi makochi. Nilianza kwa kubadilisha sponji za viti vya watu uani kwangu, leo nina karakana yenye mafundi tisa na leseni ukutani ina jina langu, na hakuna mjomba wala shangazi aliyenishika mkono kufika hapo. Mume wangu kazi yake ni springi, yaani anazifunga kwa kamba ndani ya fremu kabla sponji haijawekwa, na kochi langu haliuziki kwa sababu ya kitambaa, vitambaa kila mtu anavyo, linauzika kwa sababu halibonyei, na halibonyei kwa sababu yake. Karakana nzima inamwita Mashoto kwa kuwa mkono wake wa kazi ni wa kushoto. Sijawahi kumsikia akimtukana mtu. Jirani yetu ukuta kwa ukuta anampiga mkewe, na macho yake yanaona sindano iliyoanguka chini ya kabati.

Sasa niambie, huyo Mungu mwenye upendo alikuwa anaangalia wapi?

Mama mkwe anasema ni mtihani. Mhubiri wa mtaani kwetu akaja na soda mkononi akasema macho ya mwili yakifungwa ya moyo hufunguka, nikamwambia basi aniazime yake wiki moja tumalizie oda. Jirani mwingine akasema Mungu humjaribu ampendaye, nikasema kama ni hivyo atupunguzie mapenzi. Mimi kochi langu nalitolea dhamana ya miaka miwili, likibonyea nalirudisha kwa gharama yangu na kuomba radhi, simwambii mteja kwamba kubonyea kuna makusudi mema atakayoyaelewa baadaye. Fundi wangu akisimama, akaona kopo la gundi linamwagikia kitambaa cha mtu, mkono anao, na asiliinue, mimi simsifu kwa upole, namwonyesha mlango. Kama Mungu aliweza na hakutaka, upendo uko wapi? Kama alitaka na hakuweza, mimi nilikuwa namwomba nini miaka yote hii?

Na kinachoniudhi kuliko vyote, mume wangu mwenyewe ana furaha! Anaimba bafuni. Ananiambia, "Bosi, tangu mwezi wa tatu hujazeeka hata siku moja, mimi naona uso ule ule." Anakula vizuri, analala vizuri, ananishika kiuno tukienda dukani kama tumeoana jana. Sisemi tuna njaa, sisemi nyumba ina huzuni, na ukipita dirishani kwetu jioni utasikia kicheko. Mwenye hasira humo ndani ni mimi peke yangu, namshikia kesi mtu ambaye hataki kushitaki.

Nilimrudisha kazini mapema asije akaozea kwenye kiti cha sebuleni. Kochi la kwanza alilofunga nilikuta mafundo mawili yamelegea, nikanyamaza, mtu ameshaumia, nikamwambia dada anayeweka sponji kwamba kila Mashoto akienda kula, afungue mafundo yake yote na kuyafunga upya kimya kimya. Tukaenda hivyo vizuri tu hadi wiki iliyopita alipopitisha mkono chini ya kochi kabla halijafunikwa. Fundo la mashoto hulalia upande mmoja na la mkono wa kulia upande mwingine. Akapapasa, akapapasa, akasema, "Kumbe siku hizi nina mkono wa kulia!" Karakana ikacheka, nami nikacheka, nikaona yamepita.

Kwetu kila asubuhi, kabla kompresa ya bunduki za pini haijawashwa, mafundi husimama nami huomba kwa ufupi na kushukuru, ndivyo nilivyofanya tangu nina fundi mmoja. Tangu mwezi wa tatu sijaomba. Naingia, nasema, "Washeni." Siku mbili baada ya lile la mkono wa kulia mume wangu akasimama katikati ya fremu akasema, "Bosi, basi leo niombe mimi." Nikamjibu mbele ya watu wote, "Humu ndani mwenye leseni ni mimi." Mafundi wakaanza kuangalia viatu vyao. Nyumbani, tukikunja nguo, akaniambia taratibu, "Mama, kama yule mkubwa umemwachisha kazi, mimi ni nani nibaki? Jumatatu siji." Na mtu huyu hajawahi kunitisha na kitu asikifanye.

Sasa mshauri, nikiomba nitakuwa mwongo, nisipoomba namkosa mume wangu kazini, na namjua, akikosa kazi na kile kicheko kitaisha. Jumatatu tunafungua saa mbili asubuhi. Nataka jibu kabla ya saa mbili, na usinizungushe: kwa nini aliruhusu? Kama hujui, andika hujui.

Mwenye makochi

*

Dada mwenye makochi,

Sijui.

Nimetimiza nusu ya ulichotaka, na nusu hiyo ingekuwa uongo kama ingekuwa ndefu zaidi. Sijui kwa nini macho ya mtu mpole yamezimika na ya jirani anayempiga mkewe yakabaki makali. Nimeuliza kwa niaba ya wasomaji wengi na kwa niaba yangu mwenyewe, na mtu yeyote atakayekupa sababu iliyonyooka kama rula mtilie shaka. Hao wanaokutajia faida za upofu, waulize mbona hawauombi.

Hasira yako ni halali. Hasira ni ya aliyependa. Na nikuchokoze kidogo: umemwandikia mshauri wa gazeti kurasa nzima, na maneno mengi humo si yangu, ni ya yule uliyemwachisha kazi. Mtu hagombi na asiyekuwepo, dada. Wewe bado unaomba, ila umebadilisha sauti tu. Mpelekee mwenyewe hayo ya dhamana na kopo la gundi, kwa maneno hayo hayo. Kama hawezi kuhimili hasira ya fundi makochi, basi ulimwengu huu ungekuwa umeshamshinda zamani.

Haya, pole zimeisha. Sasa nakugombeza.

Kuna kosa ambalo umelipitisha haraka kana kwamba ni mambo ya jikoni. Presha ilichukua macho ya mumeo. Mafundo yake umeyachukua wewe. Mtu alikuwa amebakiwa na mkono wa kushoto na fahari yake, ukatuma mtu auvunje mkono huo kila mchana wakati yeye anakula, kwa huruma! Wewe unayejua mafundi wako ni wangapi na dhamana yako ni ya miaka mingapi, umesahau kuniandikia namba moja: mafundo mawili, kati ya mangapi? Sitini? Themanini? Fundi mwenye macho akikuachia mawili unamwita, "Wewe, njoo ukaze hapa," basi. Huyu hukumwita. Ulimuuliza Mungu kwa nini anaona na hasemi. Na wewe je?

Unadhani alitania aliposema ana mkono wa kulia. Hakutania. Alikupa nafasi ya kusema, ukacheka. Akangoja siku mbili, akaomba walau asimame aombe, ukamtolea leseni. Mumeo haondoki kwa sababu hujashukuru. Anaondoka kwa sababu amegundua kwamba karakanani kwako analetwa ili akalishwe kitini tu.

Na furaha yake iache. Hujui ameipata wapi wala kwa gharama gani, labda usiku analia na hakwambii, labda ni kweli ameridhika kama anavyoimba. Vyovyote vile ni yake. Hutaki mtu akulazimishe kushukuru. Usimlazimishe yeye kulalamika.

Sasa sikiliza la kufanya. Leo, si kesho, mwambie kwamba mafundo yalifunguliwa, nani alifungua na nani aliagiza. Usimfungie ukweli huo kwenye sponji. Omba radhi na unyamaze. Akikasirika mwache akasirike, ni haki yake kama wewe ulivyo na yako. Dada wa sponji mwondolee ile kazi ya siri, hakuiomba. Kuanzia sasa kochi la Mashoto likaguliwe kama la kila fundi, yeye akiwepo, na fundo likilegea aambiwe usoni alikaze yeye.

Kuhusu maombi, mpishe aombe. Wewe simama tu. Kama "amina" haipandi kooni, usiisukume. Heri kimya cha kweli. Hakuna anayekudai ukubali kwamba yaliyotokea ni mazuri, maana si mazuri. Unadaiwa usimfungie mlango mwenye kitu cha kusema.

Swali lako kwa Mungu litasubiri, na usiliache, huenda utazeeka nalo. La mumeo halisubiri: yeye ni fundi humo ndani au ni mgonjwa wa kukalishwa? Alilileta mbele ya watu, hivyo jibu lake litoke mbele ya watu hao hao, kwa kinywa chako, kabla ya saa mbili Jumatatu. Neno moja kati ya hayo mawili linatosha. Lipi?