Kila Mzunguko Ushibe

Bibi, shikamoo.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Siku tuliyokuzika, kwaya ilipokuwa ikiimba pale mgombani, mimi sikusikia wimbo. Nilisikia mashine yako ya kukoboa kahawa, mkono wake ukizunguka polepole, krrr, krrr. Niliona aibu sana. Sasa nadhani ndivyo nilivyokuwa nikikulilia.

Baba ameuza kahawa uliyoichuma mwisho. Alisema itanunua kompyuta yangu ya kusomea, kama ulivyotaka, na kwamba pesa nyingine haitapatikana. Kwa hiyo jana tulishuka mjini, mtaa wa Sokon I, kwa fundi anayeuza zilizotumika. Alikuwa na mbili za bei moja. Ya mezani, kubwa na ya zamani, iliandikwa gigahezi tatu nukta nne. Ya kukunja, ndogo na mpya zaidi, mbili nukta moja. Baba aliikumbatia ile kubwa.

"Tatu ni zaidi ya mbili," alisema. "Au huko shuleni mmebadilisha hesabu?"

Fundi akacheka. Unanijua, Bibi, mbele ya watu ulimi wangu hulala. Lakini nilikuwa nimesoma maktaba kwamba namba ile huhesabu tu mapigo ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kwa sekunde. Haisemi kila pigo linafanya kazi kiasi gani. Nilisoma bila kuamini, mpaka pale dukani nilipomkumbuka jirani yetu Mama Anaeli. Alikuwa akizungusha mashine yake mpaka jasho linadondoka, huku akikutania kwamba wewe unakoroga uji. Kahawa yake ilitoka na maganda, ikarudishwa juu, ikatoka tena na maganda. Yako ilipita mara moja tu. Ulimaliza wa kwanza, kisha ukanituma nikamsaidie.

"Geuza taratibu, mjukuu wangu. Kila mzunguko ushibe."

Nikasema, kwa sauti ndogo, "Baba, naomba tuzipe kazi moja kwanza."

Baba alikuwa na video ya mazishi yako kwenye flashi, nzito mno kumtumia shangazi. Fundi akaziamuru zote mbili ziipunguze. Ile kubwa ilinguruma, feni ikavuma, tukahisi joto lake. Ndogo ilinyamaza tu. Ikamaliza wakati ile kubwa haijafika hata nusu. Fundi akaifungua video kuhakikisha, na picha yako ikatokea, ile iliyobebwa mbele ya jeneza. Baba akavua kofia.

Bibi, mapigo zaidi ya bilioni mbili katika sekunde moja. Kabla sijamaliza kutamka jina lako, yamekwisha kupita mizunguko yote uliyoizungusha maishani. Na kila moja limeshiba. Nilisimama pale kama kanisani.

Lala salama, Bibi yangu. Nakuahidi sitakimbilia namba kubwa ili watu waone nina mbio. Nitasoma kama ulivyokoboa.

Tulirudi na ile ndogo kabla ya jua kuzama. Niliiweka mezani bila kuiwasha, nikaenda kibandani. Niliifuta mashine yako vumbi, nikatia mafuta. Kisha nikaenda kumwita Mama Anaeli alete kahawa yake, maana mashine yake imelika meno. Alileta ndoo mbili, hakutania kitu. Nikaushika mkono wa mashine, nikageuza taratibu.